Geuza Kadi

Kwa miezi saba niliongoza kipindi cha maswali kwenye televisheni nikiwa siwezi kuyasoma maswali. Walionitazama kila Jumamosi saa kumi jioni hawakujua. Wakubwa wangu hawakujua. Tuliojua tulikuwa watatu: mimi, mke wangu Lydia, na Halfani, fundi sauti.

Kipindi kiliitwa Bahasha Kumi, na nilikiongoza miaka kumi na tisa. Kabla ya hapo nilikuwa dalali wa ng'ombe kwenye mnada wa Msalato. Mtu mmoja wa televisheni alikuja kula nyama, akanisikia nikipandisha bei ya dume jeusi mpaka wachoma nyama wakaacha majiko yao. Akaniuliza nimesoma mpaka wapi. Nikamwambia darasa la tano. Akasema, "Kusoma kadi unaweza?" Nikasema naweza. Ilikuwa kweli, ila taratibu. Elimu niliyo nayo nimeipata kwenye zile kadi. Miji mikuu, sayari, mifupa, nani alitawala lini. Mtu asiyenijua akinisikia anadhani nimemaliza chuo.

Kanuni ilikuwa rahisi. Mshiriki mmoja, bahasha kumi zilizofungwa kwa lakiri nyekundu. Ndani ya kila bahasha kuna kadi, swali juu, jibu chini. Mshiriki anakaa akinitazama mimi, skrini kubwa iko nyuma ya mgongo wake. Akishajibu, naigeuza kadi kwenye kamera, inatokea kwenye skrini, na ukumbi mzima unaisoma kwa sauti. Desturi hiyo niliileta mimi mwenyewe. Mwaka wa tatu mtu wa kwetu Bahi alishinda pikipiki, na huku mjini, mtaa wa Makole, wakasema nilimtilia jibu mdomoni. Iliniuma sana. Jumamosi iliyofuata nikageuza kadi. Watu wakapenda, wakaanza kudai wenyewe: "Geuza kadi! Geuza kadi!" Nikienda dukani kununua sukari, watoto wananipigia kelele hiyo hiyo.

Macho yangu yana ugonjwa wa vikope. Nilivipata utotoni kama watoto wengi wa kwetu wakati ule. Kope zinapinda, zinaingia ndani, zinakwangua jicho kila unapopepesa. Niliacha shule kwa ajili ya hilo na kwa ajili ya ng'ombe wa baba. Ukubwani nilipasuliwa mara mbili, kope zikarudi. Kila Jumamosi asubuhi Lydia alinilaza kitandani, akazing'oa moja moja kwa kibano, nikatoka na macho mekundu ambayo wasichana wa kutupaka poda waliyasingizia pombe. Mwaka jana daktari akaniambia kovu limefunika kioo cha jicho la kulia, na la kushoto linafuata. Nilikuwa naona mtu, sioni uso. Naona kadi, sioni maandishi.

"Waambie," Lydia alisema.

"Nikishawaambia?"

"Utakuwa umesema."

"Halafu niende wapi, Lydia? Nirudi mnadani nikamnadi ng'ombe nisiyemwona?"

Mkataba wangu ulikuwa unakwisha mwezi wa sita. Castory, mkuu wa vipindi, alikuwa ameahidi miaka miwili mingine. Nilitaka hiyo miaka miwili. Sikuwa na kazi nyingine duniani, na sikuwa na jina lingine zaidi ya hilo la televisheni.

Basi nikamwendea Halfani. Yeye ni Mrangi wa Kondoa, mimi Mgogo, kutaniana ni kawaida yetu; tumefanya kazi pamoja tangu mwanzo. Alisikiliza, akanywa chai yake yote, ndipo akasema, "Kwa hiyo Mgogo ameamua kulisha taifa zima giza."

"Utanisaidia au hutanisaidia?"

"Nikusaidie. Wakikufukuza wataniletea mtu anayetafuna kipaza sauti."

Tukafanya hivi. Kamera ndogo juu ya bega langu ilikuwa inaangalia kadi. Halfani aliiona kule kwenye chumba chake cha kioo, akanisomea kupitia kidude kilichokuwa sikioni mwangu. Yeye anasoma, mimi narudia. Watu wakasema siku hizi Abeli anasoma kwa utulivu, ukubwa umemkaa vizuri.

Jumamosi ninayoisema, mshiriki aliitwa Jenifa, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mkulima wa mpunga kutoka Bahi. Zawadi ya bahasha ya kumi ilikuwa pawatila, ile trekta ndogo ya kusukuma kwa mkono, mpya, imefungwa utepe, imesimamishwa jukwaani. Saa moja kabla ya kipindi alikosea mlango akitafuta choo, akaingia chumba changu cha kujiandalia pale studio. Lydia alikuwa amenishika kichwa, kibano mkononi, anamalizia kope zilizobaki asubuhi.

"Samahani. Shikamoo," akasema. Hakutoka.

"Marahaba. Choo ni mlango wa pili."

"Mama yangu alikuwa anang'olewa hivyo hivyo. Nilikuwa namng'oa mimi." Akasogea. "Mjomba, hivi unaona kweli?"

"Naona mpaka Kondoa."

Lydia hakucheka. Jenifa naye hakucheka.

Saa kumi tukaanza, mubashara. Niliamkia ukumbi kwa Kigogo kama siku zote, "Mbukwenyi!" na watu mia nne wakanijibu. Nikamuuliza Jenifa akiipata pawatila atafanya nini.

"Nitalima wa kwanza," akasema.

"Kwani sasa unalima wa ngapi?"

"Wa mwisho. Mwenye pawatila anaanza shambani kwake. Halafu kwa shemeji zake. Halafu kwa mwalimu mkuu. Halafu anakumbuka kuna Jenifa. Mpunga wangu ukichanua, maji yameshaondoka. Mwaka jana nilivuna majani, nikawapa ng'ombe wa watu."

"Ng'ombe walishukuru?"

"Ng'ombe wa Bahi? Walisema hayana chumvi."

Ukumbi ukaanguka kwa vicheko. Nilimpenda yule mwanamke. Na alijua mambo. Bahasha ya kwanza mpaka ya tisa hakuteleza hata mara moja. Kila mara nageuza kadi, ukumbi unasoma, na mwishoni wanapiga makofi mpaka meza inatetemeka.

Nilipokuwa navunja lakiri ya bahasha ya kumi, umeme ukakatika. Giza, watu wakaguna, jenereta ikanguruma, taa zikarudi. Sekunde sita au saba hivi. Nikatoa kadi, nikaishika mbele yangu, nikasubiri sauti ya Halfani.

Haikuja.

Baadaye aliniambia kwamba mtambo wake wa kunisomea ulizimika pamoja na umeme, ukagoma kuwaka tena, kwamba alisimama nyuma ya kioo akanipungia mikono yote miwili kama mtu anayezama. Nani wa kuiona mikono hiyo? Mimi nilikuwa na karatasi nyeupe mkononi na ukimya sikioni. Nikaisogeza kadi karibu. Nikaisogeza mbali. Nikakohoa. Nikatania kidogo kuhusu umeme. Ukumbi ulicheka mara ya kwanza, mara ya pili haukucheka.

Jenifa aliinama juu ya meza, akafunika kipaza sauti chake kwa kiganja. "Mjomba," akanong'ona. "Kama huoni, sema. Mtu mwingine asome. Mimi nitasubiri."

Alinipa mlango. Ningesema tu neno moja, Castory angetuma mtu asome ile kadi, na Jenifa angejibu swali lake. Ningepoteza kazi siku hiyo, yeye asingepoteza kitu. Nililijua hilo nikiwa nimekaa pale, sikulijua baadaye.

Nikasema kwa sauti yangu ya mnadani: "Swali la kumi! Reli ya Kati, inayopita hapa kwetu Dodoma, ilijengwa wakati wa utawala wa nchi gani?"

Lilikuwa swali la zamani, la mwaka wa pili au wa tatu. Ndilo lililonijia. Nilichagua jepesi ili ashinde, na nilijiambia kwamba akishinda hakuna mtu atakayelalamika.

Nadhani Jenifa alikuwa ananitazama.

"Ujerumani," akasema.

"Ujerumani! Jenifa wa Bahi, umeshinda!"

Nikainuka nimkumbatie, kadi nimeibana kifuani. Nilikuwa nimepanga kuikunja kwenye zile shangwe. Miaka kumi na tisa, na nikasahau nilichowafundisha watu wenyewe.

"Geuza kadi!"

Walianza wa nyuma. Kisha wote. "Geuza kadi! Geuza kadi!" Wanapiga miguu sakafuni. Nikacheka nao, nikapunga mkono, nikasema leo tumebanwa na muda. Wakaona ni utani, wakaongeza. Sikuwa na pa kwenda. Nikageuza.

Wakasoma, watu mia nne kwa pamoja, kwa furaha: "Mfupa gani ni mrefu kuliko yote katika mwili wa mwana..."

Hapo sauti zikaanza kupungua. Wachache wakamalizia "damu". Hakuna aliyesoma jibu. Hivyo ndivyo nilivyolijua swali la kumi, pamoja na watu wote waliokuwa wanatazama nyumbani kwao.

Katika ule ukimya Jenifa akasema kwenye kipaza sauti, "Wa paja."

Wakaweka matangazo. Castory akapanda jukwaani, nikamjua kwa viatu vyake vinavyolia. Nyuma yake alikuja mama mmoja, Erica, wa kampuni iliyotoa pawatila. Ukumbi ulikuwa unapiga kelele kwamba apewe, apewe.

"Nilijibu," Jenifa alisema. "Swali lilisomwa na nyie wote, na mimi nikajibu. Wa paja. Mume wangu alivunjika huo huo, nilikaa naye wodini miezi miwili. Nisiujue?"

"Jibu lilikuwa kwenye skrini, dada," Erica akasema. Hakuwa mkali. "Lilikuwa limeshaonekana."

"Skrini nimeipa mgongo!"

"Ungeweza kugeuka."

"Sikugeuka! Waulizeni hawa."

"Hawa ni wako," Castory akasema. "Hata ukichinja mtu watasema umempapasa. Na kamera zote mbili zilikuwa kwenye kadi, hakuna iliyokuchukua wewe." Akanigeukia. "Abeli. Hiyo reli yako tutaizungumza ofisini. Sasa hivi nina dakika tatu. Kwa kanuni mwamuzi wa meza hii ni wewe, na ulikuwa umekaa naye uso kwa uso. Aligeuka au hakugeuka?"

"Ukisema hakugeuka," Erica akasema, "mimi nasaini, anaondoka nayo."

Nilimsikia Jenifa anavuta pumzi. Alikuwa ndiye mtu pekee jukwaani pale aliyejua ninachoweza kuona na nisichoweza. Hakunifichua. Alitaka niseme uongo, na mimi nilitaka kuusema kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote. Na wala haukuwa uongo. Ningeweka mkono motoni kwamba hakugeuka. Sauti yake ilitoka moja kwa moja kuja kwangu, na mtu akigeuza kichwa sauti inahama. Dalali anajua hayo. Lakini nani angekubali ushahidi wa sikio?

"Hakugeuka," nikasema. "Nilimwona. Alikuwa ananitazama mimi."

Nikasikia viatu vya Castory vinasogea, hatua mbili, tatu. Alikuwa amefanya kazi na mimi miaka kumi na moja. Nafikiri pale ndipo vitu vilipoanza kukaa sawa kichwani mwake: yale macho mekundu, ule utulivu wa kusoma, Halfani anayeruka nyuma ya kioo.

"Ulimwona," akasema.

"Nilimwona."

"Abeli, hapa nimenyoosha vidole vingapi?"

Nilimwona yeye, umbo la shati jeupe na weusi wa suruali. Nikautafuta mkono. Taa zilikuwa kali na jicho la kushoto lilikuwa linatoa machozi. Kwa miaka kumi na tisa niliwaambia watu waliokaa kwenye kile kiti wasiogope, kama hujui bahatisha, huwezi kujua bahati yako imelala wapi. Lydia alikuwa amekaa mstari wa mbele. Nilimsikia akisema "Mungu wangu", taratibu.

"Vitatu," nikasema.

Hakuna aliyecheka. Hakuna aliyepiga makofi. Nikasubiri, kama wao walivyokuwa wakinisubiri mimi.

"Mjomba," Jenifa akasema, na sauti yake ilikuwa imekwisha kabisa. "Hajainua mkono."

Nyuma yangu watu wawili walikuwa wameshaanza kuisukuma pawatila kuishusha jukwaani. Ilikuwa nzito. Mmoja alimwambia mwenzake aangalie ngazi.