Kwa Mara ya Tatu na ya Mwisho

Pale kigangoni, juu kule Kinyala ambako ukungu huwahi kuingia kanisani kuliko waumini, mtu akitaka jambo lake lijulikane alimpelekea Atupokile. Hakuwa na cheo cha kutisha. Alikuwa katibu wa kigango, mwanamke wa miaka ishirini na minne, hana mume, ana mtoto mmoja wa miaka minne aitwaye Shukrani. Shule aliiacha darasa la saba, kisha baada ya kuzaa akajitia kwenye masomo ya jioni, Jumanne na Alhamisi, mpaka akaweza kusoma karatasi yoyote mbele za watu bila kukwama.

Vikaratasi vilimfikia Jumamosi. Mtendaji wa kijiji aliandika kwenye kipande cha boksi. Nesi wa zahanati aliandika nyuma ya kadi ya kliniki. Wengine walikuja na maneno mdomoni tu, wakasimama mlangoni kumwambia huku wanakwangua tope miguuni. Atupokile aliyanakili yote kwenye kaunta buku, na Jumapili, ibada ikikaribia kwisha, akasimama kuyasoma. Alichosoma kilifanyika. Akisoma kwamba mbwa wapelekwe kuchanjwa, mbwa walipelekwa, hata wale wa kuburutwa kwa kamba. Akisoma kwamba kiatu cha mtoto cha mguu wa kushoto kimeokotwa kisimani, mwenye kiatu asifike nyumbani bila kumwona Mama Lusungu, basi mwenye kiatu alikwenda kwa Mama Lusungu. Watu walisema binti huyu akitangaza mvua, wewe anua nguo.

Jumapili ya kwanza kati ya zile tatu ambazo ndoa hutangazwa, katekista Yohane alimpa karatasi moja asubuhi, mlangoni mwa kanisa, imekunjwa mara nne.

"Ongeza na hii," alimwambia. "Isome kama unavyosoma nyingine, mwanangu. Tangazo ni la kanisa, si la msomaji."

Atupokile aliikunjua akakuta jina lake. Kwamba ataolewa alijua. Nyumba nzima ilijua. Alichokuwa hajafikiri ni kwamba sauti itakayosema hivyo ni yake mwenyewe. Alisoma wanunuzi wa parachichi watafika Jumanne na mtu asichume machanga. Alisoma usafi wa mfereji. Halafu akasoma, kwa mara ya kwanza, kwamba Nelson, mtoto wa Jacob Mwasomola wa Chunya, anatarajia kufunga ndoa na Atupokile, binti wa marehemu Andongwisye na Tusekile, wa kigango hiki. Mwenye kujua kizuizi chochote amwone katekista au Padre mapema. Sentensi hiyo ya mwisho aliisoma mbio, kama watu wanavyomalizia sala ya chakula wakiwa na njaa. Vigelegele vilipigwa. Wanakwaya walicheka, wengine wakamtania kwamba sasa katibu anajitangaza mwenyewe kama soko la ng'ombe. Naye alicheka. Angefanyaje?

Ng'ombe kweli walikuwepo. Watatu, walishushwa kwenye fuso mwezi wa tatu, na baba yake mdogo, Ambindwile, aliwapokea kwa mikono miwili. Tangu Andongwisye afariki, Ambindwile ndiye aliyekalia kiti cha nyumba ile. Hakuwa mtu wa kufoka. Alikuwa mtu wa kusema jambo mara moja na kunywa chai. Ng'ombe wakafungwa bandani, na kazi ya kuwalisha ikawa ya Atupokile. Kila asubuhi, kabla ya kwenda kuchuma chai, alikatakata magogo ya migomba na kuwarushia, akiwatazama wanavyotafuna polepole, mate yakiwachuruzika. Alikuwa anawanenepesha wale wale waliokuja kumwondoa. Mmoja alizaa ndama wa kike mwenye doa jeupe usoni, na Shukrani akampa jina la Kadogo. Tangu hapo hapakuwa na mtu aliyezungumza habari ya kurudisha kitu.

Nelson mwenyewe hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomkaba Atupokile zaidi. Angekuwa mlevi angekuwa na la kusema. Nelson alikuwa mjane wa miaka arobaini, ana duka na mashine ya kusaga huko Chunya, ana watoto watatu. Alipokuja mara ya pili alileta sukari na kanga, akaongea kwa adabu. Kisha, akikoroga chai, alisema kwamba watoto waliopo nyumbani kwake wanamtosha, huyu mdogo abaki kwa bibi yake. Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayeeleza mzigo wake hautaingia wote kwenye basi. Ambindwile akaitikia kuwa ndivyo ilivyo siku zote, mwanamke haendi kwa mume na mtoto wa kuja naye. Akanywa chai. Jambo likawa limekwisha.

Usiku wa siku ile mama yake, Tusekile, alimwambia jikoni, bila kuinua macho kwenye sufuria, kwamba Shukrani atamlea yeye, na kwamba hata yeye alitolewa hivyo hivyo na akazoea. Atupokile alitaka kumuuliza ilimchukua muda gani kuzoea. 

Na nafasi ya kukataa aliipata. Parokiani Padre aliwaita Atupokile na Nelson mmoja mmoja ofisini, akawauliza maswali yaliyo kwenye fomu. Mmoja wenu amewahi kufunga ndoa? Mna undugu? Kuna mtu aliyekulazimisha? Mlango wa ofisi ulikuwa wazi kwa sababu ya joto la jiko la mkaa, na nje kwenye benchi alikaa Ambindwile, kofia magotini. Atupokile aliziona ncha za viatu vyake. Akajibu, "Hapana, Padre." Padre akaweka alama ya vyema, akageuza ukurasa.

Huko kwenye masomo ya jioni mwalimu wao, Gwakisa, alikuwa na maneno yasiyomtoka mdomoni. Mwanafunzi akitoa jibu huku akimtazama usoni kutafuta kama amepatia, humwambia, "Soma swali. Jibu swali, usinijibu mimi." Atupokile aliyakumbuka maneno hayo njia nzima ya kurudi kutoka parokiani, amekaa nyuma ya pikipiki, Ambindwile kati yake na dereva.

Jumapili ya pili aliruka. Alisoma la zahanati, akasoma la kitambulisho cha mpigakura kilichookotwa, akafunga daftari na kusema mwisho wa matangazo. Hakuwa amepanga; mkono wenyewe ulifunga. Kwa pumzi kama tatu hivi alijiona yuko nje. Halafu kwenye benchi la akina mama alisimama Monica, shangazi yake Nelson, aliyeolewa pale pale kijijini miaka mingi iliyopita.

"Katibu," alisema kwa upole, "umeruka moja. Au aibu ya bibi harusi?"

Kanisa zima lilicheka, kicheko kizuri cha watu wanaokupenda. Atupokile akafungua daftari tena, akasoma kwa mara ya pili. Alipoinua macho alimwona Ambindwile akimtazama. Hakuwa na hasira. Alikuwa anamtazama kama mtu anayekagua kama banda limefungwa vizuri.

Wiki ile ndiyo iliyokuwa nyembamba kuliko zote. Wanawake walikuja kupima vitambaa vya sare. Mtu wa maturubai alikuja kupima uwanja. Kila aliyepita alimpongeza, na kila pongezi ilikuwa kama gogo jingine linaloongezwa kwenye uzio. Alhamisi alikwenda darasani, akidhani ni mara ya mwisho, na Gwakisa akarudisha zoezi la barua rasmi. Lake lilikuwa na alama nzuri. Alilikunja akaliweka ndani ya kaunta buku.

Ijumaa, aliporudi kutoka kwenye chai, alimkuta Shukrani amekaa kizingitini na kiroba kidogo. Ndani ya kiroba kulikuwa na gauni lake la kanisani, kikombe cha plastiki, na sweta lisilo na kifungo.

"Mama, nimeshafungasha," alisema. "Ila Kadogo je? Tukienda Chunya nani atamkatia migomba?"

Atupokile alichuchumaa. Hakuna mtu aliyekuwa amemwambia mtoto kwamba atabaki. Bibi yake aliacha kazi hiyo kwa mama, mama akaiacha kwa siku ya kesho, na mtoto katikati yao akafanya hesabu zake mwenyewe, kwamba mama akienda naye anakwenda.  Akasema tu kwamba kiroba wakitundike juu, panya wasije wakatoboa sweta.

Jumapili ya tatu mvua ilinyesha tangu alfajiri. Padre hakuja, barabara ilikuwa inateleza, kwa hiyo katekista Yohane ndiye aliyeongoza ibada. Kanisa lilijaa hata hivyo, limejaa harufu ya makoti mabichi. Ambindwile alikaa karibu na mlango. Shukrani alikaa na bibi yake, mbele, miguu haifiki chini.

Atupokile alisimama. Siku hiyo hakuruka wala hakukimbia. Alisoma kwamba kikundi cha maziwa kitakutana Jumatano. Alisoma kwamba ameonekana mbuzi mweusi kwa Mzee Jairo, mwenye mbuzi amwone Mzee Jairo. Alisoma kwamba akina mama wenye watoto chini ya miaka mitano wamwone nesi Jumatatu. Na alipofika kwenye lake, alilisoma kwa sauti ile ile: kwa mara ya tatu na ya mwisho, Nelson, mtoto wa Jacob Mwasomola wa Chunya, na Atupokile, binti wa marehemu Andongwisye na Tusekile. Ndoa itafungwa Jumamosi. Mwenye kujua kizuizi chochote, amwone katekista au Padre mapema.

Alisikia sentensi hiyo ikitoka kinywani mwake taratibu, na kwa mara ya kwanza aliisikia kama walivyoisikia waliokaa. Ilikuwa tangazo kama la mbuzi. Mwenye mbuzi amwone Jairo. Mwenye mtoto amwone nesi. Mwenye kujua kizuizi amwone katekista. Miaka miwili alikuwa amewasomea watu, nao wakanyanyuka wakaenda walikoambiwa. Yeye peke yake alikuwa akisoma na kubaki amesimama.

Watu walipotoka, vigelegele vilimfuata mpaka uani, chini ya mvua nyepesi. Mzee mmoja alimshika mkono kumuuliza yule mbuzi ana pembe moja au mbili, akamjibu hajui, aende tu kwa Jairo akaone. "Ndaga, mwanangu," mzee akashukuru, na akaenda kweli, hapo hapo, akishika njia ya kwa Jairo na mwavuli wake uliochanika. Atupokile alimtazama mpaka alipopotea kwenye migomba. Ambindwile alikuwa kwenye kibaraza, anamwita kwa kichwa tu waondoke. Akamwambia anarudisha daftari, mara moja, kisha akazunguka nyuma ya kanisa.

Katekista Yohane alikuwa sakristia, anakunja kanzu yake nyeupe. Chumba chenyewe kilikuwa na upana wa meza moja na mlango mmoja.

"Nimekuja kwa ajili ya lile tangazo la ndoa," Atupokile alisema.

"Limesomwa vizuri. Mara tatu, limetimia."

"Linasema mwenye kujua kizuizi amwone katekista."

Yohane aliacha kukunja. Alimuuliza ni nani anayejua, na Atupokile akajibu kuwa ni yeye. Halafu akasema lililobaki, akilitazama dirisha dogo, kwa sauti ya kusomea: "Niliulizwa kama nimelazimishwa. Nikajibu hapana. Nilikuwa namjibu baba mdogo aliyekuwa nje, sikulijibu swali. Mwanangu amefungasha kiroba chake, Katekista. Mimi simwachi."

Mzee alikaa. Alisugua magoti. Alisema habari ya ng'ombe, na ndama ambaye hakuwemo siku wanapokelewa, na maturubai, na uso wa Ambindwile, na namna watakavyosemwa wote wawili kutoka hapo mpaka Lupepo. Kila alilolisema lilikuwa kweli. Atupokile aliitikia kila moja. Hakuondoka.

"Mimi siwezi kuifuta ndoa," Yohane alisema mwishowe. "Wala siwezi kunyamaza, maana sasa nimeambiwa. Lazima liende kwa Padre leo. Na nikilipeleka kwa mdomo, watasema mzee amezeeka, hakusikia vizuri." Akasogeza makopo ya mishumaa, akafuta meza kwa kiganja. "Andika. Kwa mkono wako."

Atupokile alifungua kaunta buku katikati, akachana karatasi mbili kwa uangalifu zisiraruke. Zoezi la Gwakisa lilianguka sakafuni, akaliokota, akaliweka pembeni ili aone mpangilio. Anwani yake juu kulia. Tarehe. Kisha jina la anayeandikiwa. Neno "Padre" alilikosea, akalirudia.

Nje viatu vilizunguka kanisa, vikasimama. Kitasa kikashuka. Yohane alikuwa amekwishaweka kiti chake nyuma ya mlango na kukikalia.

"Atupokile," sauti ya Ambindwile ilisema, bila kupanda. "Mvua inaongezeka. Twende."

Aliziona ncha za viatu chini ya mlango, zile zile. Hapakuwa na dirisha la kupita mtu, wala njia nyingine ya kutoka zaidi ya pale zilipo zile ncha. Nyuma ya viatu hivyo alisikia vinyayo vingine, vidogo, vikikanyaga dimbwi kwa makusudi, na sauti ya Shukrani ikimuuliza babu kwani mama anafanya nini humo.

"Anaandika," Yohane alijibu kupitia mlango. "Subirini."

Atupokile aliinamisha kichwa, akaandika kwa herufi kubwa YAH: KIZUIZI CHA NDOA, akapiga mstari chini yake, ukanyooka. Kisha akaanza sentensi ya kwanza, ile ambayo ingemlazimu kufungua mlango akiwa nayo mkononi: Mimi, Atupokile binti Andongwisye, mama wa Shukrani.