Basi la Merle Halisimami

Basi lilishuka kilimani limewasha taa zote, na ndani hamna mtu ila dereva. Lorna Stroud alikuwa mlangoni pa nyumba yake ya trela. Mbele yake alisimama Junie, miaka saba, amevaa koti, kofia na begi mgongoni. Merle Dobbins aliinua vidole viwili kutoka kwenye usukani, salamu yetu ya huku, akapita. Theluji iliyorushwa na magurudumu ikawafikia miguuni.

"Mama, ameniona?"

"Amekuona."

"Sasa mbona kapita?"

Lorna akamvua begi. "Ingia ndani, kifua chako hicho."

Merle hakuwa mtu mbaya. Alikaa juu kule, mwisho wa barabara ya udongo, na kwetu dereva hulala na basi lake uani, ndivyo ilivyokuwa tangu baba zetu. Asubuhi huliteremsha tupu hadi barabara ya lami, ndipo kazi inapoanza. Zamani ilianzia mlangoni kwa Lorna. Kisha jimbo likaamuru kila shule iwe na mtaalamu wa kufundisha kusoma. Amri ikaja, pesa haikuja. Jimbo hutaga amri, kulalia tunaachiwa sisi. Ili kumlipa huyo mtaalamu, bodi ya shule ikakata vituo vyote vya barabara za udongo, ikisema eti theluji yake haipitiki. Merle angeweza kusimama kwa siri? Thubutu! Jimbo hilohilo liliamuru kila basi liwe na kamera.

Kutembea hadi lami, Junie hawezi. Ana pumu, na upepo wa mashamba ya mahindi yaliyokwisha kuvunwa haukutani na kizuizi chochote. Mara ya mwisho walipojaribu, Lorna alirudi amembeba, midomo ya mtoto imekuwa rangi ya buluu. Gari lake lilikufa vuli, na kazi ya kufua katika nyumba ya wazee ikaondoka nalo. Na juu ya yote hayo, jimbo linasema mtoto akizidisha utoro, mzazi apelekwe kwa hakimu. Junie alikuwa amebakiza kidogo sana kufikia kikomo.

Basi Lorna akaamua kwenda kwenye bodi. Merle mwenyewe ndiye aliyempa lifti jioni hiyo kwa pikapu yake. Mkewe, asiyejua kuendesha gari, alibaki na Junie.

"Waambie, shemeji," Merle alisema. "Sema, nao wasikie."

Kikao kilikuwa katika maktaba ya shule, kwenye viti vya watoto. Wakasimama wote wakala kiapo cha bendera. Mwenyekiti, Royce Tillotson, mwenye maghala ya nafaka, akamwita kwa upole. Mwananchi hupewa dakika tatu, na bodi hairuhusiwi kumjibu.

Lorna alikuwa ameyapanga maneno yake vizuri, lakini alipoona nyuso zile, yote yakamtoka.

"Mwanangu si mtoro," alisema. "Mwanangu anaamka, anavaa, anasimama mlangoni. Na basi linapita hapo hapo! Tupu! Asubuhi tupu, jioni tupu, Merle analipeleka kulala kwake. Kusimama tu, jamani. Kusimama kunagharimu nini?"

Wajumbe wa bodi wakaacha kuandika. Si kwamba hawakujua. Nani asiyejua basi la Merle hulala wapi? Lakini halikuwa limewahi kusemwa mbele ya kamera ya kikao, ambayo nayo ni amri ya jimbo. Tillotson alimtazama mkurugenzi wa shule, na mkurugenzi akaitazama kamera.

"Ahsante, Lorna. Muda wako umekwisha."

Baadaye, nje, Tillotson akamshika bega. Alikuwa amemfundisha shule ya Jumapili.

"Binti, ungekuja kwangu kwanza."

"Nilikuja, Bwana Royce. Ukaniambia mikono yenu imefungwa na jimbo."

"Imefungwa kweli!"

"Nikapiga simu jimboni. Wakasema vituo ni uamuzi wa bodi."

Tillotson akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyechoka. "Ndivyo walivyo. Haya, tutaliangalia."

Lorna alirudi nyumbani na tumaini, maskini. Tutaliangalia! Usiku ule alipiga pasi nguo zote za shule za Junie.

Kikao kilichofuata alikwenda tena na Merle, akakaa mbele kabisa. Wakasoma kumbukumbu, wakaipongeza timu ya mpira wa vikapu, wakapitisha kifurushi. Kifurushi ni yale mambo yanayoitwa madogo, yakafungwa pamoja kwa namba zake na kupigiwa kura mara moja. "Wanaokubali?" Ndiyo. "Wanaokataa?" Hakuna. Kisha wakazungumzia paa la jimu mpaka watu wakaanza kupiga miayo. Lorna alingoja. Walipoanza kuvaa makoti, akasimama.

"Na basi?"

"Limeshapita," alisema Tillotson. "Lilikuwa kwenye kifurushi. Ulikuwa hapa hapa, Lorna."

"Limepita vipi? Litasimama?"

Akaitazama ile kamera, akaona imezimwa. "Umesema mbele ya watu wote kwamba tunaunguza mafuta ya umma kuendesha basi tupu. Jimbo likituuliza, tujibu nini? Kuanzia Jumatatu mabasi yote yatalala mjini, kwenye uwanja wa shule."

"Sikuomba hivyo."

"Najua hukuomba."

Merle alikuwa nyuma yake, kofia mkononi. Mzee kama yeye, kuamka gizani kuendesha pikapu hadi mjini ili achukue basi, kisha jioni arudi hivyohivyo, hakuweza. Kesho yake aliacha kazi. Lakini jioni ile alimrudisha Lorna nyumbani kama alivyoahidi. Alipofunga breki mlangoni akamgeukia.

"Nilikuwa nakupungia mkono kila asubuhi. Hilo nalo lilikukera?"

"Merle, haki ya Mungu sikujua..."

"Shuka, Lorna."

Baada ya hapo hakuna basi lililopita tena barabara ile. Upepo ulipotulia walijaribu kutembea, wakafika nusu, wakarudi.

Kisha asubuhi moja gari likapanda kutoka lami, likapita vizuri kabisa kwenye theluji ambayo bodi ilisema haipitiki, likasimama mlangoni. Lilikuwa gari la askari wa kaunti. Ndani alikuwa Cody Pruitt, aliyesoma darasa moja na Lorna. Akapangusa buti.

"Wewe ndiye Lorna Stroud?"

"Cody, unanijua."

"Lazima niulize." Akampa wito wa mahakama. "Utoro wa mtoto. Mbele ya hakimu, mjini."

"Nitafikaje?"

"Usafiri ni juu yako. Lakini usikose, Lorna. Ukikosa, mimi ndiye nitakayetumwa kukuchukua."

Junie alikuwa ametokea nyuma ya mama yake, keshavaa koti. Cody akakuna kichwa.

"Napita shuleni. Nimpeleke?"

Lorna hakuweza kusema hapana. Cody akamfungulia mtoto mlango wa nyuma, akamfunga mkanda, akaubamiza mlango. Mlango ule haufunguki kwa ndani. Junie akaweka vidole kwenye wavu wa chuma unaotenga kiti cha mbele, akageuka dirishani akicheka.

"Mama!" alipiga kelele nyuma ya kioo. "Humu kuna joto!"