Kiti cha Nyuma cha Fiacre

Gari la Dady lilisikika toka barabara kubwa kabla halijaonekana. Alikuwa amekata bomba la moshi akafunga lingine nene, na alipoingia katika parseli, ua wa nyumba yao pale Ngezi mjini Bunia, alikanyaga mafuta mara mbili, makusudi, ili rafiki zake wasikie vizuri. Fiacre na Fabien, waliopanga nyumba hiyo pamoja, walitoka mlangoni wakicheka.

"Weye unataka mutaa muzima ukimbie?" Fabien alisema.

"Hii njo sauti ya gari," Dady alijibu. "Ya Fiacre inakoholaka kama muzee."

"Yangu itaimba," Fiacre alisema. "Ngoja niweke bafle."

Sanduku la bafle hizo, spika nzito za muziki, lilikuwa kubwa kama kabati na lilikaa sebuleni tangu juma lililopita. Fabien alilalamika kwamba analiruka kila asubuhi akienda kuoga. Fiacre akamuuliza, hiyo sabuni anayoogea ni ya nani? Na taulo je? Wakacheka tena, maana ugomvi huo ulikuwa wa kila siku na haujamhamisha mtu.

"Basi tutoe kiti ya nyuma leo," Dady alisema. "Juu ya nini unachelewa?"

Fiacre aligeukia gari lake lililoegeshwa uani. Aliyemchelewesha ni mama yake mdogo, Domitille. Mama huyo alikimbia vita kule Fataki, akafika Bunia na kikwembe kimoja. Fiacre alimwachia chumba chake, mwenyewe akahamia sebuleni, lakini mama hakukitumia. Alisema chumba kina mlango mmoja tu. Gari lina milango minne. Kila jioni alijilaza kwenye kiti cha nyuma, viatu miguuni.

"Hawezi kulala mule siku zote," Fabien alisema. "Kitanda iko. Ukitoa kiti, atazoea nyumba. Utakuwa umemusaidia."

Maneno hayo yalimwingia Fiacre kwa sababu alitaka yamwingie. Mama alikuwa kanisani. Walilegeza bolti, wakatoa kiti, wakasukuma sanduku ndani. Liliingia sawasawa. Dady akafungulia muziki, vioo vya nyumba vikatetemeka, na wote watatu wakaanza kucheza uani.

Hawakumwona mama mpaka aliposimama kando yao, Biblia kwapani. Fiacre alikimbilia kuzima muziki.

"Mama, tulikuwa tu..."

"Iko muzuri, mutoto wangu. Gari ni ya kwako." Mama alikitazama kiti pale majanini, akainama akashika upande mmoja. "Munisaidie tukiingize nyumbani. Mvua itakilowesha."

Dady aliondoka bila kukanyaga mafuta.

Jioni Fiacre alimkuta mama kwenye kiti cha mbele, ameketi wima, mikono juu ya magoti. Alijaribu kukilaza kiti hicho, sanduku likakizuia.

"Acha, Fiacre. Hata hivi nitapumuzika."

"Nitarudisha kiti, mama. Kesho asubui."

Kweli, asubuhi alitoa sanduku, akafunga kiti, akatandika blanketi jipya. Mama alimshukuru sana, kwa adabu ya mgeni, na adabu hiyo hakuwa nayo zamani. Jioni akakaa tena mbele.

"Kule nyuma nitakuharibia kiti," alisema.

Fiacre alimwambia kiti hakiharibiki. Alimwambia bafle hazitaki tena, atampa Dady. Akambembeleza, akaapa, mwishowe akapaza sauti na papo hapo akaona aibu. Mama alimsikiliza hadi mwisho, akaitika, "Ndiyo, mutoto wangu," wala hakusogea.

Fabien alitoka na sahani ya bugali na sombe ya majani ya muhogo, akaiweka juu ya boneti. Siku hiyo hakuwa na utani.

"Tuite pasta wa kanisa yake?" alinong'ona.

"Pasta atamwambia nini?"

Fabien alirudi ndani.

Fiacre alifungua mlango wa dereva akaketi kando ya mama. Ufunguo ulikuwa nyumbani, na hata angekuwa nao hakuona pa kumpeleka.

"Mama, nifanye nini?"

"Hakuna kitu. Enda ukule, chakula inapoa."

Hakwenda. Alikaa pale ameshika usukani wa gari lililozimwa, akisubiri mama asinzie, na mama naye akisubiri yeye aende.