Honorable Anakula Miti

Tata Gracien Kabamba alipostaafu kazi ya reli pale Kolwezi, baada ya miaka thelathini na moja ya kugonga mihuri kwenye vifurushi vya kwenda Mutshatsha, alitoka na ugonjwa mmoja tu: kupenda kanuni. Nyumbani hapakuwa na kitu cha kugonga muhuri. Alijaribu kumwandikia mkewe ratiba ya kupika. Mkewe akaichukua ile karatasi, akaikunja vizuri, akawashia mbabula, jiko lake la makaa.

Kisha binamu yake akamletea kutoka Lubumbashi kijitabu cha Kifaransa kuhusu vyama vya watu wa kijani, wale wanaofanya siasa kwa ajili ya miti, maji na udongo. Gracien alikisoma mara tatu. Kilisema dunia haina ya akiba, basi itunzwe hii iliyopo. Kilisema watu wa chini waamue mambo yao wenyewe, wakisikilizana mpaka wote wakubali. Fujo ilikatazwa kabisa, na uongozi ulitakiwa uwe wa watu wawili, mwanamume na mwanamke. Alipofunga ukurasa wa mwisho alijisikia kama mtu aliyevaa suti iliyoshonwa kwa vipimo vyake.

Alimkuta mkewe, Mama Laurentine Kanku, akipanga mafungu ya makala, makaa ya kupikia, mbele ya nyumba. Babu yake Laurentine aliletwa kutoka Kasai kuja kufanya kazi ya mgodi. Yeye mwenyewe aliuza makala, na kartie nzima, mtaa wote, ilipikia makala yake.

"Mama Mignonne," Gracien alisema, maana binti yao wa kwanza aliitwa Mignonne, "mi nafungua parti."

"Fungua kwanza mulango, Tata Mignonne. Batu banangojea makala."

Gracien akafungua mlango, halafu akafungua chama. Alipaka kanuni ukutani kwa rangi ya kijani, herufi kubwa, na Jumapili baada ya misa akaitisha mkutano uani kwake. Walikuja watu wawili. Wa kwanza alikuwa Stany, mchimbaji wa mgodi wa Mutoshi, mwili kama kabati na sauti kama ya kifaranga; muuguzi alikuwa amemwambia akae kivulini siku moja kwa juma, na ua wa Gracien ulikuwa na kivuli. Wa pili alikuwa Ngoyi, fundi cherehani, aliyesikia kwamba vyama hushonesha sare.

Walipofika kwenye kanuni ya marais wawili, wakatazamana. Mwanamke hakuwepo. Wakati huohuo Laurentine akaingia, akaenda moja kwa moja kwa Stany.

"Simama, nataka kiti. Kuna mama pale inje anabeba mutoto."

"Mama," Stany alisema akiinuka, "utakubali kuwa présidente?"

"Wa nini?"

"Wa miti."

"Mi nauza makala."

Gracien aligeukia kanuni zake ukutani. Rais wa chama cha miti anayeuza miti iliyochomwa! Lakini Stany akasema kwa kile kisauti chake kwamba, kwa vyovyote, huyu ndiye mtu pekee pale anayejua miti inaishia wapi. Hakuna aliyepinga. Gracien akaandika, "Kwa makubaliano ya wote," na kabla hajaweka nukta Laurentine alikuwa ameshaondoka na kiti.

Kazi ya kwanza ya chama ilikuwa kupanda miti kando ya barabara ya malori ya shaba. Vumbi la pale lilikuwa la namna yake: shuka ilianikwa nyeupe, ikaanuliwa rangi ya chai ya maziwa. Gracien aliotesha miche sitini ndani ya makopo ya maziwa, miparachichi na mipera. Mvua za mwezi wa kumi zilikuwa zinanukia, na upandaji ulitangazwa kuwa Jumamosi.

Shida ilikuwa mbuzi wa Ngoyi. Alikuwa beberu wa rangi ya mchanga, mwenye ndevu ndefu na macho ya dharau, na jina lake lilikuwa Honorable, kama waheshimiwa wabunge wanavyoitwa. Ngoyi alimpa jina hilo, alivyoeleza mwenyewe, kwa sababu hakai nyumbani na anaonekana tu pakiwa na chakula.

Alhamisi Honorable aliingia uani kwa Gracien akala miche kumi na moja. Gracien alishika ufagio, akauinua juu, na ndipo macho yake yakaangukia maneno aliyoyapaka mwenyewe: FUJO NI MWIKO. Mkono ukashuka polepole.

"Honorable," alisema, "tafadhali."

Honorable akamtazama usoni, akala mche wa kumi na mbili.

Mkutano wa dharura ukaitishwa jioni hiyohiyo. Gracien alipendekeza mbuzi afungwe kamba mpaka Jumamosi ipite.

"Mi sikubali," Ngoyi alisema. Na kwa kanuni za chama, sikubali moja ilitosha. "Tena tata, weye mwenyewe ulitusomea: ule anaguswa na décision, basikie sauti yake. Ile mbuzi inaguswa. Munaisikia?"

Mbuzi akaletwa katikati ya mkutano. Gracien akavaa miwani, akamsomea pendekezo zima, kisha akamwuliza kama anakubali.

"Meee," alisema Honorable.

"Amekubali," Gracien alisema.

"Amekataa!" Ngoyi alisema.

Stany alifikiri sana, akasema kwa maoni yake mbuzi hakupiga kura upande wowote. Wakabishana. Laurentine alichungulia kutoka mlangoni, mikono yake myeusi kwa makala.

"Munasemesha mbuzi?"

"Tunamusikiliza," Gracien alisema.

"Mufunge hiyo nyama, tulale."

"Présidente anaita memba nyama!" Ngoyi alisema kwa uchungu wa kweli. Mkutano ukaisha bila uamuzi. Wakati wakibishana Honorable alikuwa amekula miche mingine minne.

Jumamosi walitokea watu kama thelathini, na Dimitri, mtangazaji wa redio ndogo ya kartie, alikuja na simu yake kutangaza moja kwa moja. Alikuwa kijana mwenye suti, tena mwenye bidii. Alisimama nyuma ya lori lililoharibika ili upepo usivume ndani ya simu. Hapo sauti ilikuwa safi, ila hakuona kitu.

Gracien alifungua karatasi zake. "Ndugu na dada, kanuni ya kwanza..."

"Honorable!" Ngoyi alipiga kelele. "Honorable, acha!"

Dimitri akasogeza simu karibu na mdomo. "Wasikilizaji, habari zinazonifikia sasa hivi: Honorable amewasili."

"Anakula miti! Bamutoshe pale, bamuvute, anakula miti!"

"Wasikilizaji," sauti ya Dimitri ilitetemeka, "Honorable... Honorable anakula miti ya parti."

"Mukamate ndevu!" Stany alilia kwa kisauti chake.

"Raia wanamkamata ndevu! Hali ni mbaya! Anakula majani pamoja na..."

Hapo simu ya Dimitri ikaisha chaji.

Kolwezi nzima ilikuwa inasikiliza, au basi ndivyo ilivyoonekana. Sokoni wauza samaki waliacha visu. Kwenye vituo vya pikipiki watu waliulizana ni Honorable yupi, maana wenye ndevu walikuwa zaidi ya mmoja. Wazee walisema wamewahi kuona wanasiasa wakila vitu vingi, lakini parachichi ambalo halijaota, hapana.

Jumatatu asubuhi jeep ilisimama kwa Gracien. Akashuka katibu mwenye miwani ya jua, na nyuma yake ikashushwa miche mia moja.

"Honorable wetu ananituma kusema kwamba Jumamosi alikuwa Kinshasa," katibu alisema. "Anapenda sana miti. Na hana ndevu." Akapiga picha tatu akaondoka.

Mchana ikaja jeep ya pili, na miche mia moja na hamsini. "Honorable wetu ana ndevu, hilo hatufichi," alisema katibu wa pili. "Ila hakula." Jioni ikaja ya tatu, na miche mia mbili pamoja na karatasi ya daktari iliyothibitisha kwamba tumbo la mheshimiwa huyo halivumilii majani ya aina yoyote, hata sombe ya majani ya muhogo.

Ua ukajaa mpaka mtu alipita kwa kuinua miguu kama korongo. Mifuko ya makala ya Laurentine ikasukumwa barabarani. Gracien hakula vizuri siku hiyo. Kila akitazama ile miche, aliona haya, kama mtu aliyepewa kifurushi chenye jina la mwingine.

Aliitisha mkutano. "Lazima tuseme ukweli," alisema.

"Tungoje kidogo, tata," Stany alisema. "Ba-Honorable bangine bado hawajakuya."

"Na mbuzi yangu, jina lake litaharibika," Ngoyi aliongeza.

Kwa mara ya kwanza tangu chama kianze, Gracien alitumia silaha ya wenzake. "Mi sikubali," alisema, na sauti yake ikapanda kuliko alivyotaka. "Parti ya miti haiwezi kuanza na bongo, na mambo ya uongo. Hata bongo ya mbuzi!"

Laurentine, aliyekuwa akisukuma miche kwa mguu apate pa kuweka sufuria, aligeuka akamtazama mumewe. Katika ndoa yao alikuwa amemsikia akitetea mihuri, ratiba na saa ya ukutani. Hakuwa amemsikia akitetea kitu kinachomtia hasara.

"Mi niko na ye," alisema. "Tata Mignonne, vaa viatu. Twende ku redio."

Dimitri, aliyekuwa ameshajua kosa lake na hajalala tangu Jumamosi, aliwapa nafasi mara moja. Gracien alisafisha koo akaeleza, kwa utaratibu na kwa tarehe, kwamba Honorable aliyekula miti ni mbuzi. Dimitri akafungua simu kwa wasikilizaji.

"Pole sana, tata," alisema wa kwanza. "Balikutisha?"

"Hapana, ni mbuzi kweli."

"Shiye wote tunajua ni mbuzi," alisema wa pili. "Lakini utuambie jina yake."

"Jina yake ni Honorable!"

"Ah, tumekuelewa, tata," alisema wa pili, akakata simu kama mtu aliyeridhika.

Wa tatu aliuliza huyo mbuzi alichaguliwa na territoire, yaani wilaya, gani. Gracien alitoa kitambaa akajifuta uso. Kadiri alivyoapa ndivyo watu walivyozidi kumhurumia. Laurentine akamvuta pembeni kwa mkono mmoja, na kwa mwingine akavuta maikrofoni.

"Munisikie muzuri. Ni Mama Laurentine wa makala. Mi nilishaka hata siku moja kupunjia mutu fungu? Bon. Ni mbuzi. Iko na miguu ine na mukia. Mutu haamini, akuye kesho asubui aione na macho yake. Lakini akuye na jembe. Hakuna kuona mbuzi bila kupanda muti."

Kesho yake, kabla jua halijapanda, mstari ulitoka kwenye mlango wa Gracien mpaka kwenye kona ya kinu cha mahindi. Laurentine alisimama mlangoni na kugawa mche mmoja kwa kila mtu. Aliyerudi na udongo mikononi ndiye aliyeingia. Wenye mikono safi aliwarudisha barabarani bila kusikiliza hadithi yao. Walikuja wachimbaji wa Mutoshi, rafiki zake Stany, wakachimba mashimo ya miche kwa kasi mpaka ikabidi waambiwe mparachichi hauhitaji mita tatu. Wakaja mapadri wawili na kwaya ya Waprotestanti. Hata wale makatibu watatu walikuja, wakapanda, wakaingia, wakamwangalia Honorable kwa muda mrefu, na yule wa Honorable mwenye ndevu akasema kwa sauti ya chini, "Kweli amefanana na wetu."

Kufika saa nne kila mtu alitaka kumshika mbuzi ndevu. Honorable, ambaye maisha yake yote alikuwa akiingia kwa watu bila kualikwa, sasa alijificha nyuma ya miguu ya Ngoyi. Ngoyi hakuweza kuvumilia zaidi.

"Tata Gracien," alisema, "naomba nimufunge ku nyumba yangu. Kwa usalama wake."

"Kuna anayepinga?" Gracien aliuliza. Wakamtazama mbuzi. Mbuzi alinyamaza. Gracien akaandika kwa furaha: kwa makubaliano ya wote.

Laurentine alitoa mifuko yake mitupu ya makala, wakaizungushia kwenye vijiti kuikinga miche na mbuzi wengine. Siku hiyo Gracien alithubutu kumwuliza, kwa heshima ya rais kwa rais, kama hafikiri kwamba ile biashara ya makala, kwa mtu wa cheo chake...

"Bamama batapika bukari ya mahindi na nini?" Laurentine alimwuliza. "Na prensipe yako ya ku ukuta?"

Gracien aliandika swali hilo kwenye ajenda. Walilijadili Jumapili tatu, wakasema kuhusu mbabula inayokula makala kidogo, kuhusu kupanda tena kule Mutshatsha miti inakokatwa, kuhusu umeme unaokuja saa unayotaka wenyewe. Hawakulimaliza.

Mvua ilinyesha vizuri mwaka huo. Miche mingine ilikufa, mingine malori yaliipitia, lakini zaidi ya mia tatu ilishika, na wanachama wakafika arobaini na watatu, wengi wao wanawake wanunuzi wa makala wenye maoni makali kuhusu kila kitu. Jumapili ya kwanza ya Desemba walikaa tangu kutoka kanisani hadi jua likaelekea kuzama, bila kukubaliana hata juu ya jambo moja. Gracien alikuwa katikati yao, kalamu sikioni, mtu mwenye raha kuliko wote mkoani Lualaba.

Mwishowe Stany, ambaye njaa ilikuwa imemshika, aliinua mkono akapendekeza mkutano ufungwe.

"Mi sikubali," alisema mama mmoja mgeni, mwanachama tangu asubuhi.

Wakakaa.