Karani Mwenye Ufunguo

Watakuambia lifti iliharibika. Uongo mtupu. Lifti ilikuwa nzima kuliko mimi na wewe, na ilikuwa inatii kila neno nililoiandikia. Hiyo ndiyo ilikuwa shida yenyewe.

Saa nne asubuhi mkaza mwanangu alishikwa na uchungu. Mume wake, yaani mwanangu, alikuwa safari ya kikazi, kwa hiyo nyumbani tulikuwa watatu tu, ghorofa ya nane: mimi, mke wangu na yeye. Daktari alishatuonya kwamba mtoto katanguliza miguu. Uchungu ukianza, alisema, msingoje hata chai ipoe, mleteni apasuliwe. Mke wangu akanyakua mfuko, akamshika mkwe mkono, wakaingia kwenye lifti. Mimi nikabaki kufunga mlango wa nyumba, na kwa madaha nikawaambia, "Tangulieni. Hiyo lifti ni kazi ya mkono wangu."

Hapo lazima nieleze. Mimi nimestaafu ufundi wa majokofu. Shule niliiacha kabla haijaniacha, na kompyuta nimejifunza mwenyewe, kwenye vitabu visivyo na jalada, mpaka ikafika mahali kompyuta zenyewe zikawa zinaniuliza maswali. Lifti ya jengo letu ilipochoka, nikajitolea kuiandikia ubongo mpya. Ndani ya ubongo huo niliweka watumishi watatu, yaani programu ndogo ndogo, na meza moja. Mezani anakaa mmoja kwa wakati mmoja, na mwenye cheo akitokea, wa chini anainuka hata kama kalamu iko hewani.

Cheo cha kwanza nilimpa Mshika Breki, ambaye haachii breki mpaka asome daftari ajue lifti iko wapi. Cheo cha mwisho nilimpa Karani, anayeliandika daftari hilo. Daftari lina ufunguo mmoja. Anayeandika anaushika, wengine wangoje. Halafu yuko Msemaji, ambaye kazi yake ni kutoa tangazo kila mtu anapobonyeza kitufe. Mwanzoni Msemaji alikuwa sawa na Karani, lakini mwenyekiti wa jengo akalalamika kwamba sauti inakatika kama mtu mwenye kwikwi. Ili nipate usingizi, nikampandisha Msemaji cheo, akawa wa katikati. Miezi mitatu ikapita, hakuna aliyekohoa.

Sasa asubuhi ile, sijamaliza kuzungusha ufunguo mlangoni, nikasikia lifti imeshuka ghorofa mbili hivi, ikasimama kwa kishindo. Inashuka kidogo tena, inasimama. Na ile sauti laini ya Msemaji: "Tafadhali subiri. Lifti inakuja. Tafadhali subiri. Lifti inakuja."

Nilipanda ngazi ya chuma ya chumba cha mitambo, kilicho juu yetu, kama mtu wa miaka ishirini. Humo mna kabati la ubongo wa lifti, skrini ndogo, na simu inayoongea na walio ndani.

"Baba Watoto!" Mke wangu.

"Naam."

"Kitu chako kimesimama."

"Kimesimama wapi?"

"Mimi naona ukuta kwenye kioo cha mlango. Ukuta wenyewe umeandikwa tano, na mlango wa sita uko juu ya kichwa changu."

"Tulia, mke wangu. Ni dakika moja."

"Dakika yako au ya watu?"

Kishindo kingine. Mkwe akapiga kelele. Hicho kishindo nacho kilikuwa changu. Niliweka mlinzi wa saa: Mshika Breki akikaa sekunde tano bila kupata jibu, ubongo wote unazimwa na kuwashwa upya. Kila ukiwashwa, lifti ilijivuta shubiri moja, ikakwama tena.

"Uchungu unamjia kila baada ya muda gani?" nikauliza.

"Ulikuwa dakika sita. Sasa ni nne. Wewe hesabu dakika zako, mimi nahesabu hizi."

Mwenyekiti akaingia, anahema, shati limemganda mgongoni. "Fundi, usiwe na wasiwasi! Nimepita ghorofa zote. Kila mtu kasimama kwenye kitufe chake, wanabonyeza bila kupumzika. Itasikia tu!"

"Umefanya jambo jema," nikamwambia. Ndiyo, nilisema hivyo, sikatai.

Nikakisia kosa ni la spika. Nikachukua koleo nikakata waya wa sauti. Jengo zima likanyamaza. Halafu, kishindo. Shubiri moja.

"Umeiua sauti," mwenyekiti akasema. "Na lifti je?"

Jasho likaniingia machoni. Nikaitazama skrini, ambayo huonyesha nani yuko mezani. Msemaji. Msemaji. Msemaji. Nilimfunga mdomo tu, kazi yake alikuwa anaendelea nayo. Chini yake: Karani, kainuliwa mezani, ufunguo mkononi. Juu kabisa: Mshika Breki, anangoja ufunguo.

Hapo nikaelewa. Bosi anamngoja karani. Karani hawezi kumaliza mstari wake, kwa sababu kila akigusa kiti, mpiga domo anamwinua. Na mpiga domo hana mwisho, maana watu ghorofa nane wanampa la kusema. Na aliyewatia watu hao moyo kasimama pembeni yangu anajipepea kwa karatasi.

Kubadilisha vyeo kungetaka nizime kila kitu na kupakia maandishi mapya, robo saa nzima. Robo saa hiyo sikuwa nayo. Waya wa vitufe nao ni ule ule wa milango, ukiuchomoa breki inajifunga kabisa.

"Mwenyekiti, shuka. Waambie waache vitufe. Wote."

"Waache? Lifti itajuaje kuna shida?"

"Inajua! Wao ndio wanaoizuia!"

"Fundi, umeanza kuchanganyikiwa. Kaa chini kwanza."

"Mwenyekiti, nakuomba kama ndugu yangu. Kimbia."

Akakimbia. Nikamsikia ngazini akibishana. Kwenye skrini, hesabu ya wanaobonyeza ikashuka hadi watano. Mmoja alikuwa anapayuka kwamba yeye hatamwacha mama mjamzito hivi hivi. Watatu. Wawili. Kishindo, shubiri, na mkwe analia sasa bila kupumzika. Mmoja.

Mmoja huyo hakuondoka. Nikaangalia namba ya kitufe. Hakikuwa cha ghorofa yoyote. Kilikuwa cha ndani ya lifti.

"Mama Watoto, unabonyeza?"

"Nabonyeza, ndiyo! Ulitaka nikunje mikono?"

"Acha, tafadhali."

"Niache kwa nini?"

"Ni mambo ya kitaalamu."

Tak, tak, tak, skrini ikanionyesha. "Kitaalamu," akasema. "Nimeolewa na utaalamu miaka thelathini na minane. Jokofu la dada yangu lilichemsha maziwa, ukasema ni kitaalamu. Sitoi kidole mpaka uniambie nani kaharibu."

Jibu nilikuwa nalo tayari, zuri, limenyooka: mwenyekiti. Si ndiye aliyelalamikia kwikwi? Nilishafungua mdomo.

"Mama," nikamsikia mkwe kwa sauti ndogo, "maji. Maji yametoka."

"Ni mimi," nikasema. "Unanisikia? Ni mimi. Nilimpa anayepiga domo cheo kikubwa kuliko anayefanya kazi. Kila ukibonyeza, unampa neno jingine. Hakuna mwingine wa kulaumiwa. Toa kidole, mke wangu."

Akatoa. Neno "ni mimi" alikuwa hajawahi kulisikia kutoka kwangu, na nadhani lilimshtua kuliko lifti. Skrini ikabaki bila kitufe hata kimoja. Mlinzi wa saa akazima ubongo, giza likaja kwenye skrini, nami nikazuia pumzi. Ukawaka. Msemaji hana la kusema. Karani akaketi, akaandika mstari wake, akarudisha ufunguo. Mshika Breki akasoma daftari.

Breki ikaachia. Nikaiweka mikono yote miwili kwenye kabati nisikie mtetemo. Tano. Nne. Ghorofa ya tatu kitufe kimoja kikawaka, moyo ukanipasuka, nikasikia mwenyekiti akinguruma ngazini, "Ole wako, mzee!", kikazimika. Mbili. Moja. Milango ikafunguka.

Nilipofika dirishani niliwaona wakiingizwa kwenye gari la jirani, mkwe kainama, mke wangu kamkumbatia kiuno. Hakutazama juu.

Nilirudi kabatini, maana kungoja simu bila kazi kungeniua. Nikaandika sheria moja tu ambayo ningeiandika miezi mitatu nyuma kama nisingekuwa na haraka ya kulala: Karani akishika ufunguo unaongojwa na mkubwa, basi aazimwe cheo cha huyo mkubwa mpaka aurudishe. Asiinuliwe na mpiga domo yeyote. Mistari kumi na moja. Nilikosea mitatu, nikairudia.

Hakuna aliyekubali kupanda. "Panda wewe," mwenyekiti akasema, na hapo alikuwa na haki. Nikawaomba watu wasimame ghorofa zote na kubonyeza kwa nguvu zao zote, nami nikaingia peke yangu. Sikuwahi kuona watu wakifanya kazi kwa furaha kiasi kile. Kati ya sita na tano nilifumba macho. Lifti haikujali, ikaendelea kushuka.

Chini, milango inafunguka, simu yangu ya mkononi ikalia.

"Kapasuliwa," mke wangu akasema. "Msichana. Wote wazima."

Nikaegemea ukuta wa lifti mpaka milango ikaanza kunifungia, nikaizuia kwa mguu.

"Uko hapo?"

"Nipo."

"Mkwe wako anakusalimu. Anasema njoo umwone mjukuu, lakini utumie ngazi. Wodi iko ghorofa ya sita."

"Lifti ya huko sikuiandika mimi."

"Tunajua," akasema. "Sisi tumepanda lifti. Ngazi ni zako."