Kyule na Taa ya Injini

Fundi Mulinge alichomeka waya wa mashine ya kupimia gari chini ya usukani, akasubiri, kisha akamwonyesha Kyule namba ile ile ya hitilafu. P0118. Sensa ya joto la maji ya injini.

"Si uliibadilisha?" Kyule akauliza.

"Niliibadilisha. Soketi nikaisugua kutu, waya nikaufuata mpaka kwenye kompyuta. Hili gari halina shida. Labda ni dereva."

Ilikuwa siku ya soko Kathonzweni na mbuzi walikuwa wakikatiza gereji. Gari lenyewe lilikuwa kigari cheupe cha mizigo chenye spika mbili juu. Pande hizo kila mtu alilijua, kwa sababu kwa miaka mingi Kyule alikuwa amelitumia kuwaambia watu mambo ambayo hawakuomba kuambiwa. Shule aliiachia darasa la saba. Mengine alijisomea kwenye magazeti yaliyofungiwa mandazi, ndiyo maana hoja zake nyingi zilikatikia katikati, zikiwa na mafuta.

Mulinge akafuta namba, taa ya injini ikazimika, wakaondoka pamoja kulijaribu gari, fundi akiwa na mashine mapajani. Likaenda vizuri mpaka kwenye kioski cha maji.

Kioski hicho kilizinduliwa kwa utepe na ngoma. Wanawake wa mwethya, ambao husaidiana kazi kwa zamu bila malipo, walikuwa wamechimba mtaro wa bomba kwa majembe yao. Mwanakandarasi akaufukia bila kuweka bomba, akakipaka kioski rangi ya buluu, akaenda zake. Tangu hapo, kila alipopita, Kyule alisimama, akawasha spika, akauhutubia mfereji wa kioski, koki ambayo haikuwahi kutoa maji.

Akawasha hata siku hiyo. "Mtaro huu ulichimbwa na mama zetu," akaanza, sauti ikapanda. Mulinge akatazama mashine. Joto la maji ya injini lilishuka hadi sifuri, likaendelea hadi nyuzi arobaini chini ya sifuri, na taa ikawaka. Nje jua lilikuwa linachoma migongo ya punda. Mfereji wa kioski ukakohoa, ukatoa maji.

Mulinge akashuka, akafungua redieta. Ilikuwa kavu.

"Sensa ni nzima," akasema. "Inasema tu maji hayako hapa. Yako pale."

Kyule akanyamaza ili afikirie, na maji yakakatika.

Kaveke, mwenyekiti wa mwethya, alikuwa ameshakinga mtungi. "Endelea kupiga kelele, mwanangu," akasema. "Haujajaa."

Basi ikawa kazi. Redieta ni ndogo, lakini mfereji haukufuata ukubwa wa redieta, ulifuata hasira, na hotuba za zamani ndizo zilizokuwa na nguvu. Malalamiko ya juzi yalitoa matone. Mahindi ya msaada yaliyouzwa kwa mlango wa nyuma yalijaza mitungi. Kiwanda cha pamba kilichofungwa Kyule akiwa kijana kiliwanywesha punda wote wakabakisha. "Leo tupe pamba," Kaveke angeagiza, "nina nguo za kufua." Maneno yenyewe hakuna aliyeyasikiliza. Kyule alipoligundua hilo alikasirika, na maji yakaongezeka.

Kisha ikatangazwa kwamba wakaguzi watakuja. Wakikuta mfereji mkavu, mwanakandarasi angelazimishwa kurudi kuweka bomba. Kyule alikuwa ameudai ukaguzi huo tangu siku ya utepe.

"Liache gari hapa gereji," Mulinge akamshauri. "Na mdomo pia, kama unang'oka."

Hakuliacha. Bila spika zake angeketi mkutanoni kama mtu yeyote tu. Lakini aliapa kunyamaza, na maikrofoni akaitia mfukoni ikiwa imezimwa.

Siku ya ukaguzi, aliyekikataa kimya hicho ni Kaveke. "Wageni wakae kwa mwethya yangu bila chai?"

"Mwaitu, mama yangu, wacha waionje kiu."

"Wewe utakuwa umeshinda. Aibu itakuwa yangu." Akaketi na sufuria tupu mapajani.

Mkaguzi mkuu, mwanamke mpole aliyeitwa Hibaq, akafungua mfereji. Hakuna. Akaufungua hadi mwisho, akautikisa, akaandika. "Mradi hauna maji," akasema ili wote wasikie. "Bomba litawekwa."

Wanawake wakapiga makofi. Lilikuwa jambo kubwa kuliko yote aliyowahi kufanikisha Kyule, na alilifanikisha kwa kukaa kimya, jambo lililomuuma kidogo.

Hibaq akafunika kalamu. "Kabla hatujafunga, kuna mwenye neno?"

Maishani mwake Kyule hakuwahi kuliacha swali hilo lipite. Alijikuta amesimama, maikrofoni imewashwa. Alitaka tu kushukuru. Akashukuru kwa sentensi moja, akaukumbuka mtaro, akaukumbuka utepe, akafika kwenye pamba. "Hapa hakujawahi kuwa na maji," akanguruma, "na mpaka leo hakuna hata tone."

Mfereji ukatapika maji kwa kishindo, ukawalowesha wakaguzi viatu.

Hibaq akasogeza miguu, akafunua kalamu, akakata alichokuwa ameandika. "Maji yapo," akasema. "Tena yana nguvu."

"Mwaitu, waambie," Kyule akamgeukia Kaveke.

Kaveke alikuwa ameshakinga sufuria. "Ongea, mwanangu. Bado ya kunawa mikono."

Wageni wakanywa chai ya maziwa, wakaisifu, wakaondoka. Mulinge akachomeka waya wake, akaisoma P0118, akaifuta. Kyule akaanza kuijaza redieta kwa kikombe, akichota kwenye mtungi wa Kaveke.

"Kesho uje mapema," Kaveke akamwambia. "Nafua mablanketi."

"Pamba?"

"Pamba. Na mwishoni uongeze ya leo."