Maharage ya Wodini

Dada mtu alikuwa akichambua maharage kwa vidole vyepesi vya msusi, jicho moja kwenye sinia, jingine kwenye viatu vya mdogo wake. Viatu vilishavaliwa, kamba zimefungwa ovyo.

Mdogo wake, fundi wa kuchomelea mageti, alikaa ng'ambo ya sinia kitandani; ndiye aliyepewa na muuguzi kazi ya kuchambua maharage hayo ya jikoni. Pombe ilikuwa ikimtoka mwilini. Mikono ilimtetemeka, jasho likamchuruzika, na tangu asubuhi alikuwa akisema jioni haitamkuta wodini.

"Punje hiyo moja unaihangaikia tangu nifike," dada alimtania.

"Inanikimbia. Na mimi ningekimbia."

"Na kamba hizo? Hufiki hata mlangoni."

Akatabasamu kidogo, kisha akatazama mlango. Dada akauona mtazamo huo. Safari ya kwanza aliuza kioo na viti vya saluni yake ili amlaze kituo cha kulipia. Fedha zilipokwisha, wakamtoa angali anatetemeka, na kabla ya jua kuzama alikuwa ameshalewa. Hapa kitanda, dawa na chakula vinalipwa na serikali. Mgonjwa hutoka daktari akiridhika. Siku ya kumleta alisimama pale mapokezi, pochi mkononi, akingoja waseme "ila". Hawakusema.

Sasa akazidisha kasi, sinia likawa karibu kwisha. Muuguzi akapita na ndoo, akasimama.

"Dada yangu, unafanya nini?"

"Namsaidia, sista. Mikono haimtii."

"Utamsaidia hadi nje ya geti. Huyu kaniambia akimaliza sinia anaondoka."

Dada akaziacha punje zilizokuwa kiganjani kama zimemchoma. Alimjua ndugu yake: hata chakari, hakuwahi kumwachia mteja geti lenye bawaba moja. Kumbe kazi ile ndiyo iliyokuwa imemshika, naye alikuwa akiifungua.

Muuguzi akaongeza maharage kutoka kwenye ndoo mpaka sinia likajaa.

"Sista, unanionea," fundi alisema.

"Viatu unavyo, mlango huo hapo. Mimi nataka tu nijue, nimwambie mpishi nani amalizie?"

Fundi akalitazama sinia. Akaokota punje, ikamponyoka, akaiokota tena.

"Hayaishi leo haya," alisema mwishowe.

"Sijasema leo."

Fundi akainama, akahangaika na zile kamba. Dada alitaka kumfungulia, akajizuia, akakalia mikono yake mwenyewe. Viatu vikatoka, kimoja baada ya kingine.

Wakati wa kuaga, dada alimshika muuguzi mkono mlangoni. "Waliokubali kulipia vitanda hivi siwajui, sista. Nawashukuru hivyo hivyo."

"Na wewe umo, msusi. Ni kodi zetu."

"Basi sijawahi kununua kitu kizuri hivi," alisema, machozi yakimlenga.

Nyuma yao fundi alikuwa akilifunika sinia kwa taulo, nusu yake yote bado haijaguswa.

"Dada," aliita, "kesho uje. Ila usiguse maharage yangu."